Shajara ya Injini Ndogo, Bububu: Moto Huku, Baridi Kule

Januari, kaskazi imekaza

Kazi yangu ni friji na viyoyozi. Kutwa nashughulika na mashine inayokula umeme ili ilitoe joto mahali pa baridi na kulipeleka mahali pa moto, kule ambako lisingekwenda kwa hiari yake. Injini hufanya kinyume cha hayo. Huliacha joto lishuke lenyewe, kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, na njiani hulitoza kazi kidogo. Nimeishi na upande mmoja wa jambo hili miaka mingi. Sasa nataka kuushika na upande wa pili.

Nitatengeneza injini za mezani, kila moja ikae wazi mtu aone inavyokwenda. Ya kwanza ya mvuke, ya pili ya hewa moto, aina ya Stirling. Ya tatu ni ya mwako wa ndani, yaani mafuta yanawaka ndani ya silinda yenyewe, na hiyo hatutaiunda: tuna mashine ya boti iliyokufa, tutaipasua ubavu. Wasaidizi wangu ni wapwa zangu wawili, mmoja yuko skuli ya sekondari, mwengine nafundishana naye kazi ya friji. Mshauri ni ami yangu, aliyemaliza umri wake wa kazi ndani ya vyumba vya mashine za meli.

Bububu, hapa Unguja, iliwahi kuwa na gari moshi. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ya maili kama 7 ilitoka mjini ikaja mpaka hapa, vichwa vyake vikienda kwa mvuke, mpaka barabara na magari vilipoishinda. Watoto wa hapa wamehadithiwa habari hizo na babu zao, lakini hakuna hata mmoja aliyeona pistoni ikisukumwa na mvuke. Naona vibaya likabaki hivyo.

Januari, mwisho wa mwezi. Hesabu ya injini ya mvuke

Tumechagua injini ya silinda inayocheza. Haina vali. Silinda yenyewe imetundikwa kwenye pini moja na inayumba kushoto na kulia kwa kufuata krenki, ule mkono unaogeuza kwenda na kurudi kwa pistoni kuwa mzunguko. Ubavuni ina tundu moja. Bamba lililosimama nyuma yake lina matundu mawili, moja la kuingizia mvuke na moja la kutolea. Silinda ikiyumba upande huu, tundu lake linakutana na la kuingizia, pistoni inasukumwa. Ikiyumba upande ule, linakutana na la kutolea, mvuke uliokwisha kazi unatoka. Springi ndogo inaibana silinda kwenye bamba isivujishe.

Usahili huo unadanganya, kwani mambo yote yamo katika kuyapanga yale matundu. Nimeandika hesabu ukutani kwa chaki ili mpwa wa skuli aifuate:

Kutoka kitovu cha krenki hadi kwenye pini ya silinda ni milimita 40. Pini ya krenki imekaa milimita 8 kutoka kitovu, kwa hiyo pistoni inakwenda milimita 16. Silinda inapoyumba mwisho wa kuyumba, mchepuko wake ni 8 kwa 40, yaani moja ya tano. Tundu la silinda liko milimita 12 juu ya pini yake. Moja ya tano ya 12 ni 2.4. Basi tundu hilo linasogea milimita 2.4 kila upande, na matundu ya bamba yakae hapohapo, milimita 4.8 baina ya kitovu na kitovu.

Upana wa matundu unafuata wenyewe. Silinda ikiwa imesimama wima, pistoni ikiwa juu kabisa au chini kabisa, tundu lake lisiguse lolote kati ya yale mawili, ama mvuke utapita moja kwa moja kutoka boila hadi nje bila ya kufanya kazi. Tukitoboa kwa keekee ya milimita 2 zinabaki milimita 0.4 za shaba kavu baina yao. Si nyingi, lakini zinatosha, na tundu pana lina faida ya kupitisha mvuke kwa urahisi.

Mpwa aliuliza, "Mjomba, kwa nini tusitoboe ya milimita 3?" Nikamwambia ajumlishe mwenyewe. Alijumlisha, akaona matundu yanaingiliana, akafurahi kama kwamba amelipata jambo ambalo mimi sikulijua. Ndivyo ninavyotaka.

Februari

Silinda imekerezwa mjini kutoka kipande cha shaba njano, tundu la milimita 10. Pistoni ni ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu shaba ikisuguana na shaba ya namna ileile hukwaruzana na kung'atana. Haina ringi, ina mifereji miwili myembamba ambamo mafuta hukaa na kuziba.

Uso wa silinda na uso wa bamba tuliusugua kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo bapa, kwa mwendo wa kuzunguka, mpaka alama za keekee zikatoweka. Kazi hiyo inachosha bega, nayo haina njia ya mkato.

Tulijaribu kwanza kwa hewa, kutoka kompresa ya friji kongwe niliyoigeuza kuwa pampu. Flaiwili, gurudumu la kutunza mwendo, ilizunguka, ikasita, ikazunguka tena. Springi ilikuwa inabana kupita kiasi. Tukailegeza robo ya nati na injini ikashika mwendo wa kuendelea, sauti yake kama cherehani. Wote tulinyamaza tukaitazama.

Sasa boila. Hapa ami alikuja mwenyewe, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema: "Mwanangu, mvuke hauna huruma. Usiiwashie moto mpaka umeipima kwa maji baridi."

Ana haki. Maji yakigeuka mvuke, kwa shinikizo la kawaida la hewa, hujitanua zaidi ya mara 1,600. Chombo kikipasuka kikiwa na mvuke ndani, kila kilichobanwa kinatoka kwa mkupuo. Kikipasuka kikiwa kimejaa maji baridi, maji hayabanwi, kwa hiyo tone linatoka na shinikizo linaanguka papo hapo. Kwa hiyo tumeijaza maji tupu, bila ya kuacha hewa ndani, tukaisukuma hadi bari 3 (bari moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida), mara mbili ya bari 1.5 tutakayoifanyia kazi. Bari 1.5 si nyingi, ni chini ya tairi la gari dogo. Lakini tairi halina maji yanayochemka ndani.

Boila ni bomba la shaba nyekundu la milimita 42 lililotolewa kwenye mfumo wa maji moto, vizibo vya shaba vya milimita 3, na fimbo ya shaba inayopita katikati kuvishikilia vizibo viwili visitengane. Kila kiungo kimeunganishwa kwa vijiti vya fedha tunavyoungia mabomba ya friji, vinavyoyeyuka juu ya digrii 600. Narudia kwa kijana yeyote atakayesoma na kutaka kuiga: usiunge boila kwa ule waya wa kuungia nyaya za umeme. Unayeyuka karibu na digrii 183, na boila ikiishiwa maji juu ya moto huo ndio utakuwa mwisho wa kiungo. Wala usitumie kopo la bati. Vali ya usalama ni golori isiyoshika kutu, juu yake springi, juu yake nati ya kurekebishia. Tuliirekebisha ifunguke kwenye 1.5 na tukahakikisha inafunguka, kabla ya kuiambatanisha na injini.

Machi, kabla ya mvua

Imekwenda kwa mvuke. Moto wa spiriti chini, maji gramu kama 100 ndani, na injini inazunguka huku inatema matone moto mezani.

Jambo la kutazama ni joto linaishia wapi. Kuipasha gramu moja ya maji kutoka digrii 30 hadi 100 kunahitaji joto la jouli kama 293. Kuigeuza gramu hiyohiyo kuwa mvuke, bila ya kupanda digrii hata moja, kunahitaji jouli 2,257, karibu mara nane. Joto lote hilo limo ndani ya mvuke, na injini yetu inalimwaga nje kupitia tundu la kutolea. Mtu wa friji hawezi kuliona hilo akatulia.

Huu ndio msiba uliomkuta Thomas Newcomen katika injini yake ya 1712. Yeye alinyunyizia maji baridi ndani ya silinda yenyewe ili mvuke ugande uwe maji na hewa ya nje iisukume pistoni. Ilifanya kazi, ilitoa maji migodini, lakini kila mpigo silinda nzima ilipozwa kisha ipashwe upya. Mwaka 1765 James Watt alipata wazo la kukipeleka kipozeo nje, chombo mbali, silinda ibaki moto daima na baridi ibaki baridi daima. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi, akaipata 1769. Hakuongeza moto wowote. Aliipa baridi nyumba yake. Chombo kile ni kondensa, ndugu wa ile iliyo nyuma ya kila friji ninayofungua.

Nataka injini yetu iwe nayo. Lakini kwanza Stirling, maana mvua inakuja na karakana yangu inavuja upande wa jiko la spiriti.

Aprili, masika

Robert Stirling alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uskochi, na hataza yake ni ya 1816. Injini yake haina mvuke, haina mlipuko, haina cha kuingia wala cha kutoka. Hewa ileile imefungiwa ndani. Ikisogezwa upande wa moto inatanuka na kuisukuma pistoni, ikisogezwa upande wa baridi inasinyaa na kuivuta.

Tunatengeneza ile bapa, inayokwenda kwa tofauti ndogo ya joto, ya aina aliyoionyesha Ivo Kolin wa Zagreb mwaka 1983. Mabamba mawili ya alumini, la chini juu ya kikombe cha maji moto, la juu likitazama hewa. Baina yao pete ya mti. Nilimwendea seremala, akanikerezea pete kutoka mti wa mfenesi, upana wa ndani milimita 106 na kimo milimita 16, nikaipaka vanishi ndani na nje isivuje. Mti nimeuchagua makusudi: unalizuia joto lisipite pembeni kutoka bamba hadi bamba. Bomba la PVC lingekuwa rahisi kupatikana, ila hulegea karibu na digrii 80.

Ndani ya pete inapanda na kushuka sahani nyepesi ya kusogeza hewa. Hapa ufundi wa friji ulinifaa: ile fomu ngumu ya njano iliyojazwa ndani ya kuta za friji ni nyepesi, haipitishi joto, na inastahamili moto wa kikombe. Tumeikata duara ya milimita 100, unene milimita 6. Fimbo yake ni njiti ya baiskeli, milimita 2, imenyooka na imeng'aa.

Pistoni ni bomba la sindano la kioo, kipenyo milimita 12. Kioo ndani ya kioo hakihitaji mafuta, kinateleza kwa uzito wake mwenyewe na hakivuji. Flaiwili ni sidii mbili zilizogandishwa pamoja. Krenki ya sahani na krenki ya pistoni zimepishana robo mzunguko, digrii 90, ili sahani itangulie kuisogeza hewa na pistoni ifuate.

Wapwa walishangaa pistoni kuwa ndogo hivyo. Sahani inasogeza hewa sentimita za ujazo kama 63 kila mpigo. Pistoni inafagia 1.36 tu. Lakini hewa ikipanda kutoka digrii 35 hadi 60 inatanuka kwa asilimia 8 pekee. Ukiipa pistoni kubwa, hewa haitakuwa na nguvu ya kuisukuma hadi mwisho.

Mei

Injini ya Stirling imekwenda, kisha ikazima. Tukaisukuma kwa kidole, ikaenda kidogo, ikazima tena. Maji ya chini yalikuwa bado yanafuka.

Kijana alitaka kuongeza maji moto. Nikamwambia tuyaache, atie kipimajoto bamba la juu. Digrii 45. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Bamba la chini lilikuwa 80, lilikuwa lina moto wa kutosha. Bamba la juu ndilo lililoshindwa, kwa sababu hewa ya chumba chetu ilikuwa 31, haichukui joto haraka.

Mfaransa Sadi Carnot alilieleza hili mwaka 1824: kikomo cha kazi utakayoipata kwenye joto kinapangwa na halijoto mbili, ya juu na ya chini, basi. Uzihesabu kuanzia sufuri halisi, baridi ya mwisho isiyo na chini yake, yaani ongeza 273. Sisi tulikuwa na 353 chini na 318 juu. Gawa 318 kwa 353, toa kwenye moja, unapata kama asilimia 10. Hicho ni kikomo cha injini isiyo na msuguano wowote, na yetu ina msuguano.

Mpwa alitumwa Malindi ya mjini Unguja, soko la samaki, akarudi na barafu ya wavuvi kwenye mfuko. Tukaiweka kwenye kisahani cha bati juu ya bamba la juu. Bamba likashuka hadi karibu na digrii 5. Kikomo kikapanda hadi asilimia 21, mara mbili na zaidi, kwa maji yaleyale ya chini ambayo muda huo yalikuwa yanapoa. Injini ilikwenda kasi mpaka sidii zikawa hazionekani maandishi yake. Haikusita tena mpaka kikombe kilipokuwa vuguvugu.

Nimekaa na jambo hili moyoni wiki nzima. Vijana wetu wakifikiria injini wanafikiria moto: petroli, mlipuko, moshi. Mvuvi anayesubiri barafu Malindi amebeba nusu ya pili ya injini begani mwake.

Kisha tukafanya jaribio nililolipenda zaidi. Kikombe tukakiondoa, injini tukaiweka juu ya barafu tupu, bamba la juu likipata joto lake kutoka hewa ya Bububu. Ilizunguka kinyume, polepole, kwa joto la chumba peke yake. Ami alicheka kwa furaha.

Kasoro ilijitokeza baadaye. Bamba la baridi likiwa chini, unyevu ulioko ndani hugeuka maji, na sahani hugandia kwenye maji hayo. Sasa tunaifungua, tunaweka ndani vile vifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu, tunaiacha usiku kucha. Inasaidia.

Juni, kusi imeingia

Mashine ya boti imepasuliwa. Ni ya mipigo miwili (mpigo ni pistoni kupanda mara moja au kushuka mara moja), silinda mbili. Tumekata ubavu wa silinda ya juu kwa msumeno na tupa, tukapaka rangi: nyekundu njia ya moshi, kijani njia ya petroli na hewa, buluu njia ya maji.

Katika mipigo miwili pistoni ni vali pia. Ikipanda, inabana mchanganyiko juu yake na papo hapo inavuta mpya chini, kwenye nyumba ya krenki. Plagi inawasha, pistoni inashuka, inafunua kwanza tundu la moshi kisha la kuingizia, na ule mchanganyiko uliobanwa chini unapanda na kuufukuza moshi. Kila mzunguko una mpigo wa kazi. Kwa kuwa petroli inapita kwenye beringi za krenki, lazima ichanganywe na oili, mara nyingi 50 kwa 1. Kwenye mipigo minne, utaratibu aliouonyesha Nikolaus Otto mwaka 1876, oili ina nyumba yake na vali zina kazi zao, na mpigo wa kazi ni mmoja kwa kila mizunguko miwili.

Kila nahodha akiwasha mashine hugeuka nyuma kutazama kama ule uzi wa maji unatoka ubavuni. Ukikosekana, anazima. Impela, kigurudumu cha mabawa ya mpira kilicho chini, karibu na panga la kusukumia boti, ndiyo inayovuta maji ya bahari na kuyapandisha yaizunguke silinda. Ya kwetu ilikuwa imekatika mabawa yote. Pistoni ilivimba kwa joto ikashika ukuta wa silinda, na mikwaruzo ipo, tumeiacha wazi watoto waiguse. Boti lile lilikuwa na petroli ya kutosha.

Kwa dizeli tumetengeneza kitu kidogo tu: bomba nene la plastiki angavu, lililozibwa chini, na fimbo yenye ringi ya mpira. Unatia nyuzi chache za pamba chini, unaipiga fimbo kwa kiganja kwa nguvu, na pamba inawaka ndani bila ya kibiriti. Hewa ikibanwa ghafla hupata moto wenyewe. Kwenye injini ya dizeli hupita digrii 500, na mafuta yakinyunyiziwa humo huwaka bila ya plagi. Rudolf Diesel aliifikisha injini yake mahali pa kufanya kazi vizuri mwaka 1897. Wale waliokuwa watu wazima wakati Unguja ilipokosa umeme, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanaijua sauti ya injini hiyo mlango hadi mlango. Hakuna kifaa changu kilichowavutia watoto wa mtaani kama hiki cha pamba, na nimelazimika kukifungia kabatini.

Julai

Nimerudi kwenye mvuke. Kondensa imekamilika: mita 2 za bomba la shaba la friji, limezungushwa, limezama kwenye ndoo ya maji ya kisima. Mvuke unaotoka kwenye silinda unaingia humo. Mvuke ukipozwa hadi digrii 45, shinikizo lake linabaki kama moja ya kumi ya shinikizo la hewa ya nje. Kwa pistoni yetu ya milimita 10, mvuke unasukuma kwa nguvu ya kilo 1.2 wakati wa kushuka. Kondensa ikifanya kazi sawasawa, hewa ya dunia itaisukuma kwa kilo 0.7 nyengine wakati wa kurudi, bila ya malipo.

Bado haijawa hivyo. Dakika za mwanzo utupu unapatikana vizuri, mpira wa kupimia unavuta maji juu, kisha unashuka kidogo kidogo. Si kuvuja. Nimepima kila kiungo kwa pampu yangu ya kunyonyea friji na kinashika. Ni hewa iliyoyeyuka ndani ya maji ya boila: inatoka na mvuke, inafika kwenye kondensa, na yenyewe haigandi. Inajikusanya humo na kulijaza pengo. Watt naye alilazimika kuweka pampu ya kuitoa.

Kuiunganisha ile pampu ya umeme ni rahisi, na ami amenishauri hivyo, lakini nataka injini iitoe hewa yake yenyewe. Bomba jengine la sindano la kioo limepatikana, la milimita 8. Litafungwa upande wa pili wa krenki, na vali zake mbili nitazikata kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Maji ya boila tutayachemsha na kuyapoza kabla ya kuyatia, yapunguze hewa. Mkerezaji ameniambia krenki mpya itakuwa tayari Jumatatu.